Mkwe Wangu kwenye Mlango wa Saba

Norsborg, Stockholm
Jumatatu, 12 Mei 2025

Yaya Masika, dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na shemeji na watoto, na Mama hapo chumbani kwake. Natumaini barua hii itawakuta mnaamka vizuri, na kwamba goti la Mama limetulia tangu abadilishiwe dawa. Sisi huku miili ni mizima. Mke wangu Josiane anakusalimu sana. Alma ametimiza miaka sita, ninamsemesha Kiswahili ananijibu Kiswidi, na babu yake, mkwe wangu Mzee Paluku, anakaa kati yetu akigeuza shingo huku na huku, hajui amsikilize nani. Alitufikia kutoka Uganda mwezi wa kumi, kama unavyokumbuka, na baridi bado hajaizoea.

Utashangaa kuona karatasi wakati simu zipo. Yaya, nakujua. Nikikutumia sauti kwa WhatsApp unaifungulia nyumba nzima, hata jirani anayeanua nguo uani anaisikia na kuitikia. Hili la leo si la jirani. Ataileta Mama Ghislaine, yule Mrundi tunayesali naye, anasafiri Jumatano kuja Kampala. Nitamwomba akupe mkononi mwako. Isome peke yako kwanza, halafu utaona wewe mwenyewe cha kumwambia Mama.

Uliniomba nikueleze namna ya kufika uwanjani, kwamba mkija na kwaya mwezi wa nane kwenye kongamano, akina mama sita mnataka kuuona huo uwanja ninaojisifia kwenye picha, kifua mbele na kizibao changu cha manjano cha mlinzi. Nianze na hilo, maana ndilo jepesi. Treni ya chini ya ardhi inaanzia hapa kwetu Norsborg, kwa hiyo viti mtapata. Mteremke T-Centralen mbadilishe, na hapo msimuulize mtu yeyote, wafuateni tu wenye skafu za timu. Wakishuka, shukeni. Wakianza kuimba, msiogope, si ugomvi, ndivyo walivyo. Mtu anayekaa kimya kwenye lifti mwaka mzima, siku ya mpira utamsikia mpaka mtaa wa pili.

Tiketi zitakuwa ndani ya simu, basi simu ziwe na chaji, usinifanyie yale ya uwanja wa ndege Entebbe. Noti na sarafu hazipokelewi, ni kadi tu. Mkoba usizidi ukubwa wa karatasi hii unayoisoma, na huo wako ninaufahamu, unaingia mtoto na blanketi lake, kwa hiyo uache nyumbani. Nyuma ya goli ni pa waimbaji, wanasimama dakika zote tisini na ngoma zao, ninyi kaeni ubavuni kwa watu wa makamo. Mlangoni mtapekuliwa, kila mmoja, mikono juu, makoti wazi. Mwanamke anapekuliwa na mwanamke, kwa hiyo shemeji asije akanipigia simu kunigombeza. Na chupa hairuhusiwi, iwe ya maji, iwe ya chai, iwe ya plastiki au ya chuma, hata mwenyewe awe mzee wa miaka sabini na sita.

Hapo kwenye chupa nimekaa karibu nusu saa, Yaya, kalamu mkononi, chai yangu imepoa.

Basi nikwambie. Wiki tatu zilizopita, Jumatatu ya Pasaka, tulikuwa na mechi kubwa, uwanja umejaa pomoni. Mimi nilikuwa mlango wa saba pamoja na Maina. Maina ni Mkenya, nimewahi kukutajia, yule anayenitania kwamba Kiswahili chetu cha Kongo kimelowekwa kwenye Kifaransa. Tunafanya kazi pamoja mwaka wa tatu sasa, yeye njia ya kushoto, mimi njia ya kulia. Kipindi cha pili timu ya nyumbani ilifunga bao, jukwaa la juu likaruka lote, na katika kuruka huko termosi ya chuma iliyojaa chai ikaanguka kutoka juu ikampiga mwanamke aliyeketi jukwaa la chini. Ilimvunja mfupa wa bega, na chai ikamuunguza shingo. Alipelekwa hospitali ile kubwa ya Flemingsberg. Ingempiga kichwani leo tungekuwa tunazungumza habari ya msiba.

Mwenye termosi hakujulikana, watu walikuwa wamekumbatiana hovyo. Lakini watu wa jukwaa lile wote wanaingilia mlango wa saba, na mlango wa saba una wapekuzi wawili wa kiume, Maina na mimi. Mkubwa wetu alituita ofisini mmoja mmoja. Mimi nilisema nilimpekua kila mwanamume aliyepita njia yangu. Maina, nikaambiwa baadaye, alisema hana la kusema. Sasa hebu fikiria, mmoja anasema nimepekua wote, mwingine anasema sina la kusema, na huyo mwingine alishapewa onyo majira ya baridi kwa kuchelewa mara mbili. Lawama zote zikamwangukia. Akaambiwa akae nyumbani mpaka Alhamisi hii, tarehe kumi na tano, ndipo watakapotoa uamuzi.

Wewe utasema kazi ni kazi, atapata nyingine. Yaya, mimi nina karatasi zangu za kudumu, yeye hana. Kibali chake cha kukaa hapa kimefungwa na kampuni hii. Akifukuzwa anapewa miezi mitatu ya kutafuta mwajiri mwingine wa kumchukua, na mtu aliyefukuzwa kwa sababu ya usalama nani atamchukua? Akikosa, anafungasha anarudi. Mkewe, Beverly, ana mimba ya miezi saba.

Nadhani umeshaanza kunishtukia. Wewe ulikuwa unanijua nikiwa bado kwenye kizingiti, kabla sijafungua mdomo. Basi ngoja niseme mpaka mwisho.

Mzee Paluku alikuwa amesema tangu Krismasi kwamba anataka kuona mahali mkwewe anapofanyia kazi. Alitaka kuona, alisema, kama kweli wazungu wanapanga mstari na kunitii. Nikapata tiketi kutoka kazini, jukwaa la juu, nikampa. Sheria ya kazi yetu iko wazi, jamaa yako humpekui wewe, unampitisha kwa mwenzako. Nilipanga hivyo, atakwenda kwa Maina. Alikuja na majirani wa ghorofa ya pili, amevaa suti ya kanisani na koti refu juu yake, limefungwa vifungo mpaka kidevuni. Majirani wakatangulia. Nikageuka kumwangalia Maina, naye alikuwa ameinama anampapasa kijana mmoja miguu, ameshika soksi zake, amegeuza mifuko yake nje. Nikamtazama yule kijana alivyosimama mikono juu, miguu imetanuliwa kama mwizi aliyeshikwa sokoni, na nyuma yake watu mia wanamwangalia.

Yaya, wewe ndiye uliyeniongoza siku ya kuposa. Wewe ndiye uliyenionya nisimpe Mzee Paluku mkono mpaka auombe yeye, nisikae kiti kinachomwelekea, nisile mbele yake. Miaka tisa sijawahi kumgusa hata bega. Hapa kwangu akitoka bafuni mimi ninapisha kwenye ukumbi ukuta unanibana. Mtu huyo nimwambie atanue miguu? Au nimwite mwenzangu aje ampapase mbele ya majirani, mimi nimesimama kando nikitazama? Sikuweza. Nikapiga hatua nyuma, nikainamisha kichwa, nikamkaribisha kwa mikono miwili kama anayeingia nyumbani kwangu. Akapita. Akanitazama kwa furaha ambayo sijaiona usoni pake tangu afike nchi hii, na mimi nikavimba kichwa.

Ingekuwa yameishia hapo ningejitetea. Lakini niliona. Koti lilikuwa limetuna upande wa kushoto, chini ya kwapa, tena limetuna vizuri tu, mtu wa siku moja kazini angeliona. Nikajiambia itakuwa Biblia yake. Biblia gani ya mviringo, Yaya? Nilijitia hamnazo. Nilijua ni termosi, maana chai ile aliipika Josiane asubuhi na harufu ya tangawizi ilijaa nyumba nzima.

Jioni alirudi amechangamka, anasimulia bao kwa mikono, halafu akasema kwa masikitiko kwamba amepoteza termosi yake, ile aliyotoka nayo Butembo, iliyopita naye mpaka kambi ya wakimbizi Uganda. Hakujua imemwangukia mtu. Aliruka na wenzake, ikamtoka, akadhani imebingirika chini ya viti. Tangu hapo kila nikitoka kwenda kazini ananiuliza kama nimepita kwenye chumba cha vitu vilivyookotwa. Namwambia bado, Tata. Wiki tatu namwambia bado, Tata, na ninajua iko kwenye mfuko wa polisi.

Nilinyamaza kwa kumwonea haya, kwa kumwogopa Josiane, na kwa kuogopa kizibao changu pia, tusidanganyane. Usingizi hauji. Jana Jumapili nikapiga moyo konde, nikatoka kanisani moja kwa moja mpaka Kista, nyumbani kwa Maina. Nilikwenda kumwambia. Beverly akanipokea vizuri, akanipikia ugali na sukuma, akanionyesha kitanda cha mtoto walichopewa na rafiki yake mmoja, bado hakijaungwa. Nikala. Nikasifu kitanda. Nikaaga bila kulitoa nililoliendea.

Maina akanisindikiza mpaka kituoni. Tukiwa kwenye ngazi akaniambia kwa upole tu kwamba siku ile aliona. Aliinua kichwa kutoka kwenye soksi za yule kijana akaniona nimeinama, akamwona mzee anapita, akaelewa huyo ni nani kwangu, kwa sababu hata yeye baba yake Beverly asingeweza kumtia mkono. Nikamuuliza kwa nini basi hakunitaja ofisini. Akasema alikuwa ananisubiri. Alidhani nitasema mwenyewe kesho yake, au kesho kutwa. Akaniambia Beverly hajui, anaamini kweli mumewe alizembea, na hilo ndilo linalomuuma yeye Maina kuliko kibali. Halafu akanitakia safari njema, akarudi kwake. Mimi nikakaa kwenye benchi pale stesheni, zikapita treni nne, nikilia mbele ya watu wazima wenzangu, na sioni aibu kukuandikia.

Leo asubuhi, Josiane amempeleka Alma shule, nilipiga magoti mbele ya Mzee Paluku nikamweleza yote, tangu koti lake mpaka kitanda cha mtoto wa Maina. Nilitegemea atanifokea, au atalia, au atasema nimpeleke kwa mwanawe mwingine. Hakufanya hata moja. Aliniuliza jambo moja tu, yule mwanamke aliyeumia anaitwa nani.

Sikujua, Yaya. Wiki tatu nimehangaika na heshima ya mkwe wangu, na ndoa yangu, na kizibao changu, na hata kibali cha Maina, na jina la yule mama sijawahi kumuuliza mtu. Mzee alinitazama kwa namna ambayo sitaisahau. Akasema anakwenda kulitafuta yeye mwenyewe, na mimi nitakuwa mkalimani wake, na nitatafsiri kila neno bila kupunguza. Kisha akaenda kunyoa ndevu.

Tuna miadi ofisini saa nne, nimeshapiga simu. Polisi watataka kumhoji, na mimi kazi imeniishia, hilo silifichi. Nimemwandikia Maina ujumbe, amejibu neno moja, asante, na neno hilo limeniuma zaidi ya tusi. Josiane atajua yote akirudi mchana. Niombee kwa hilo kuliko yote, maana wewe unamjua hasira yake, haipigi kelele, inahama kitanda.

Mwambie Mama ninampenda na asiache kufanya mazoezi ya goti. Wasalimie kwaya yote, kila sauti kwa nafasi yake, na shemeji mpe mkono wangu. Mkija njooni bila wasiwasi, chumba kipo, na nitawapokea mwenyewe uwanja wa ndege, kwa kuwa muda nitakuwa nao. Mzee ananiita mlangoni, ameshavaa viatu.

Ni mimi mdogo wako,
Kambale