Dada Yasinta, Baridi Imenikuta na Mimba

Dada Yasinta,

Baridi imerudi. Leo asubuhi majani ya nyuma ya wodi yalikuwa meupe kwa barafu, kama yalivyokuwa kule Kifanya tulipokuzika na mtoto wako tumboni. Sasa mjamzito ni mimi. Nimelazwa Njombe, hospitali ya misheni. Naogopa, dada.

Mengi yamebadilika. Niliolewa Makambako na Fidelis, anauza makoti ya mitumba; siku hizi kila mtu ana biashara. Mama hajalitaja jina lako tangu mazishi. Aliposikia nina mimba, aliuliza tu nitajifungua mwezi gani. Nikamwambia wa saba, katikati ya baridi. Akakaa chini.

Unakumbuka tulivyokuwa tukiota moto jikoni? Miguu yako ilikuwa imevimba, nikaibonyeza kwa kidole, kikabaki kishimo, tukacheka. Tulicheka, dada! Kichwa kilikuuma ukasema ni baridi tu. Kesho yake ukaanguka, ukatetemeka mwili mzima. Hospitalini walisema kifafa cha mimba, na kwamba tumechelewa.

Wiki iliyopita miguu yangu nayo ilivimba. Mama mkwe alinichemshia maji ya kukanda, akasema wajawazito wote huvimba wakati wa baridi. Nilibonyeza. Kishimo kilekile. Sikubishana naye, nilivaa koti, nikamwambia Fidelis anitafutie gari. Tulipata lori lililokuwa likifuata viazi Njombe.

Nesi alinipima presha, akarudia kupima, uso wake ukabadilika. Nilimuuliza kama ni baridi inayotuua.

"Miezi hii tunawapokea wengi zaidi," alisema, "lakini kama ni baridi yenyewe, sijui. Ninachokijua ni presha yako. Hurudi nyumbani."

Wananipa dawa. Presha inashuka, inapanda tena. Jana nikaanza kuona vimulimuli machoni, nikawaita. Daktari amesema kesho asubuhi wananipasua, wamtoe mtoto kabla ya siku zake. Fidelis yuko nje kwenye benchi, anasali. Mikono yangu inatetemeka, sijui ni baridi au ni hofu, au ndiko kule kutetemeka kwako…

Nakuahidi: kila kitakachoniuma nitakisema, hata wakiniona mwoga. Nikipona, nitamleta mtoto Kifanya akuone, jua likishawaka.

Pumzika, dada. Nakukumbuka mno, lakini kesho usije kunipokea. Nisubiri. Nisubiri sana.

Mdogo wako,
Leonia