Mteremko wa Mlangoni

Mdogo wangu,

Sisi wazima, ila jogoo wa jirani bado hana adabu. Ukija, panda boti wakati maji yamejaa. Hapo sakafu yake inalingana na gati, na kiti chako cha magurudumu kitapita bila kubebwa. Mpigie nahodha mwenyewe ukiwa bado huko, akuambie saa ya maji kujaa; usinitegemee mimi, maana hapa mtandao unashika kwenye ukuta wa zahanati tu. Njiani salimia kila mtu, hata kama mikono iko kwenye magurudumu. Wakikuuliza miguu imekuwaje, sema "ajali", wataridhika. Wenye kiherehere cha kusukuma waambie wangoje waombwe.

Baba hajataja jina lako tangu mlipogombana. Lakini nilipomwambia unakuja, alichukua nyundo, akavunja ngazi za mlangoni, akatengeneza mteremko wa mbao. Akaupanda na kuushuka mara tatu akisukuma toroli lenye mawe. Nilipomuuliza ni wa nini, akafoka: "Wa kupitishia mapipa ya maji!"

Mapipa hatuna, mdogo wangu. Tuna bomba jikoni.

Ukifika usimshukuru, atanuna. Msalimie, kisha pita.

Ni mimi dada yako, mwenye maneno mengi.