Suruali ya Kahawia

Shemeji yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa upole, wewe, mkeo na watoto. Vipi hiyo miguu, bado inavimba jioni? Mimi nipo, sina homa, ila nimechoka uchovu usiotoka kwa kulala. Cherehani ya kaka yako nimeifunika shuka, maana kila nikiiona wazi nahisi katoka mara moja tu kufuata vifungo.

Mkeo alinipigia simu Jumatatu. Aliniambia umeacha kutembea asubuhi na umerudia soda na chumvi ya mezani, na akikuuliza unamjibu, "Kaka alishika masharti yote na bado akafa. Mimi nijitese kwa lipi?" Tangu hapo sijatulia. Ndiyo maana nakuandikia.

Unakumbuka daktari alipomkuta kaka yako na presha na sukari, akamwambia apunguze chumvi na mafuta, na atembee nusu saa kila siku. Nyumbani hatuna mizani, kwa hiyo akamwagiza aangalie kiuno cha suruali. Kikibana, arudi kliniki haraka. Kaka yako alicheka sana, eti daktari kamwingilia ufundi wake. Akachagua ile suruali ya kahawia, akaipa jina Mkaguzi. Kila Ijumaa anaivaa, anafunga kifungo, ananiita nishuhudie.

Miezi minne alitembea kweli. Alikwenda mpaka kwenye kiwanda cha matofali na kurudi, na mboga za majani alizila bila kununa. Kisha zikaingia sare za shule. Fundi gani anatembea wakati wa sare? Alikaa kitini kutwa nzima, na mimi ndiye niliyempelekea viazi vya kukaanga na soda pale pale, asije akapoteza muda. Ijumaa moja Mkaguzi akabana. Aliketi kitandani ameshika kiuno cha suruali kama mtoto aliyefeli mtihani, na siku hiyo chakula hakukigusa.

Shemeji, sasa nisikilize. Alipokwenda kununua nyuzi, nilifumua mshono wa nyuma wa ile suruali, nikaachia kitambaa cha akiba kilichokunjwa ndani, kiuno kikaongezeka upana wa kidole, nikashona upya na kupiga pasi. Ufundi nilijifunza kwake, na siku ile hata yeye hakuuona mkono wangu. Ijumaa iliyofuata ilimwingia, akafurahi, akasema kliniki ingoje. Nilirudia mara tatu, mpaka kitambaa cha akiba kikaisha. Nilikuwa namhurumia tu. Mwezi uliofuata kiharusi kilimkuta mguu ukiwa bado kwenye pedali.

Kama angerudi kliniki angepona? Sijui, na daktari hakuniambia hivyo. Ninachojua ni kwamba kaka yako hakushika masharti. Alidhani yuko salama, kwa sababu yangu. Usimfanye yeye kuwa ushahidi wa kujiachia.

Sijamwambia mtu mwingine. Wewe ukitaka kuwasomea ndugu barua hii, wasomee. Ukishindwa kunisamehe, sitakulaumu. Nichukie, shemeji, lakini nichukie ukiwa unatembea.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na yule mdogo umwambie nguo yake ya shule nitaimaliza.

Ni mimi shemeji yako,
mjane wa kaka yako.