Kunde ya Mwitu Kwenye Seng'enge

Jumamosi

Bado najiuliza ganda linajuaje wakati wa kupasuka.

Leo kwenye palizi Mama aliniambia ning'oe kunde zote za mwitu, zisije zikasonga zetu. Nikaacha mmea mmoja uliojisokota kwenye seng'enge, nikaufunika na nyasi. Maua yake ya zambarau yalifunguka asubuhi, na kufikia saa sita yalikuwa yamefumba. Maganda ni membamba, yana vinywele, na yanasimama wima. Ya kunde zetu huning'inia.

Nilichuma yaliyokauka nikayaweka dirishani. Jioni tukinywa chai, moja likajipinda, likapasuka, mbegu ikaruka hadi kwa kikombe cha Mama.

"Wanja, umeleta nini kwa nyumba?"

Mimi huona haya hata kuomba chumvi. Lakini nilimweleza kwamba ndivyo inavyojipanda yenyewe, na kwamba kunde zetu zingerusha mbegu hivyo, hatungevuna kitu. Habari ya seng'enge sikuitaja.

Aliitoa mbegu na kijiko, akaiangalia kwa muda.

"Basi ule wa seng'enge uache. Lakini mbegu zake zikiingia kwa shamba langu, ni wewe nitauliza."

Kumbe aliuona. Na hakuung'oa.