Ishonwe kwa Heshima

Izia, Sumbawanga
4 Juni 1976

Mwanangu Adela,

Hujambo huko Kasanga? Samaki wa ziwani, migebuka, bado wanakunenepesha? Mimi mzima, ila usingizi umenikimbia. Anayeniandikia ni Kristiana, mwalimu wetu wa ngumbaru. Nimemkataza kunyoosha maneno yangu.

Watakusimulia habari ya bendera. Wote wanaikosea! Eti mimi Zenon nimeiba bendera ya tawi la chama nishone kaptula. Kaptula! Kwa makalio gani? Sikia ilivyokuwa. Bendera imechakaa, upepo wa huku umeitafuna. Katibu Basil akatangaza, kwa ile sauti yake ya mbuzi mwenye mafua: "Ishonwe kwa heshima." Mimi, mpandishaji bendera hodari kuliko wote toka hapa mpaka Kirando, nikaibeba nyumbani. Wakanikuta nayo mapajani, sindano mkononi. Basil akaruka: "Mzee, nilisema ichomwe!" Nikamwambia, "Ah! Si ulisema ishonwe?"

Kamati inakaa mwisho wa mwezi. Wakininyang'anya kamba ile ya bendera, asubuhi nitaamkia nini? Nazunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Baba yako,
Zenon

Kasanga
13 Juni 1976

Shikamoo baba,

Mimi na watoto wazima. Hapa bandarini kaptula imeshakuwa suti. Lakini baba, masikio yako husikia chungu cha pombe kikifunuliwa kijiji cha pili! Leo ndiyo yazibe? Na kile kiraka alichokishona marehemu mama kwenye ile bendera, cha gauni lake la kijani, nacho kinachomwa? Hatuna kitu chake kingine. Nijibu upesi, moyo hautulii.

Mwanao,
Adela

Izia
2 Julai 1976

Adela mama,

Hujambo? Leo naandika mwenyewe, ndiyo maana mistari inapanda milima ya Mbizi. Kristiana asijue.

Kamati ilicheka mpaka mwenyekiti akafuta machozi. Kamba wameniachia. Bendera tumeichoma nyuma ya ofisi, tumesimama wima, kofia mkononi. Basil kaanzisha wimbo wa taifa juu mno, tukamaliza kwa kukohoa. Mpya inapepea, nimeipandisha mimi.

Humu ndani ya bahasha kuna kitambaa cha kijani. Usikifue. Ndicho nilichokuwa nakifumua waliponikuta.

Ile "ishonwe" nimeitunga, mwanangu. Nilisikia vizuri sana.

Baba yako,
Zenon