Majina Hayaendi Motoni

Kartie Kataki, Kalemie
Tarehe 12 Oktoba 2025

Mpendwa binti yangu Joëlle,

Amani ya Bwana ikukute hapo Lubumbashi. Waendeleaje? Nguvu zimerudi tangu utoke hospitali? Sisi hatujambo. Mke wangu Bertille magoti yanamsumbua, lakini bado ananitangulia kilimani kwenda misa ya asubuhi. Mvua imeanza, ziwa limechafuka, na samaki wa ndagala ni haba sokoni.

Barua yako ililetwa na jirani yangu Mama Gracieuse, aliyerudi kutoka kwenye maombi yenu. Nimeisoma mara tatu. Nabii wenu anataka majina ya ukoo, vizazi vinne, ayaunguze ili kukata agano ambalo babu yangu alifunga na mizimu ya milima ya Marungu. Anasema agano hilo ndilo lililowaua watoto wako wawili tumboni na kutufukuza kwetu. Na bila karatasi hiyo ya majina mumeo Wilfried atakurudisha kwenu.

Tangu kaka yangu Urbain, baba yako, afariki, majina ya upande wetu ninayo mimi peke yangu. Siyatumi.

Mama Gracieuse alikaa kwenye kiti changu kusubiri jibu.

“Papa Pontien, andika tu. Ni karatasi njo itaungua, hapana wewe.”

“Ya kwako uliandika?”

“Yalishaunguzwa. Niko huru.”

“Mbona basi mlango wako una kufuli mbili kwa kuogopa wachawi?”

Alicheka, akaniita mzee kichwa ngumu, akaomba chai.

Sikufichi kitu. Babu alimwaga pombe ya ulezi kwenye chemchemi kila alipoanza kupanda. Niliona kwa macho yangu. Alipofika miaka sabini alibatizwa kanisani kule Kirungu, akitetemeka kwa baridi, mimi nimemshika mkono. Nabii huyo hakuwepo.

Soma Mwanzo, sura ya kumi na tano. Wanyama wamepasuliwa, vipande vimepangwa, na desturi ilitaka wanaoagana wapite katikati. Abramu amelala usingizi. Mungu anapita peke yake. Agano letu na Mungu lilifungwa hivyo, sisi tukiwa tumelala. Kibuyu cha pombe kitalivunjaje? Na damu ya Yesu haikubakiza kazi ya kumaliziwa na mtu mwenye kiberiti.

Miaka ishirini na saba naishi mbali na shamba la baba yangu. Waliotufukuza walikuwa watu wenye bunduki, na baadhi yao nawajua kwa sura. Sitawapa udhuru kwa kumsingizia marehemu babu.

Kwa nini watoto wako walikufa, sijui. Nimemuuliza Mungu kwa ukali na nitazidi kumuuliza, kwa kuwa namwamini.

Wilfried akikurudisha, njoo huku. Chumba kipo, na hakuna atakayekuhoji. Ila kwanza mpe barua hii aisome. Akiwa na hoja, aje anijibu uso kwa uso.

Nisalimie mama yako Éliane, umwambie simsahau katika sala. Bertille anakukumbatia. Bwana aliyepita katikati ya vipande vile akulinde wewe na nyumba yako.

Bado jambo moja. Orodha ya majina yetu huwa naisoma kwa sauti kila tarehe mbili Novemba, siku ya marehemu wote. Jana niliongeza mistari miwili chini ya jina la baba yako, nikaiacha tupu. Watoto wako hakuna aliyewapa majina. Wape wewe, uniandikie kabla ya siku hiyo.

Baba yako mdogo asiyechoka kukupenda,
Pontien