Lebo Nilizomwandikia Mama

Mama mdogo Akeyo,

Hili sijamwambia mtu. Mkaguzi wa manispaa alimkataza Mama kuuza dawa ya kulainisha nywele dukani kwetu hapa Jakobsberg, Uswidi, bila onyo la Kiswidi. Mama hasomi Kiswidi vizuri, akaniachia kazi hiyo.

"Andika inang'arisha nywele, Rita. Usinitishie wateja."

Mimi nikaandika kama sheria inavyotaka: inaunguza ngozi, inaweza kupofusha. Mkaguzi aliridhika. Sasa wateja wanasoma, wanazirudisha chupa rafuni, wala hawanunui. Mama, asiyejua nilichoandika, anadhani ni wivu wa watu. Jumapili alinisimamisha kanisani: "Huyu ndiye aliyeokoa duka langu!"

Nasikia ndara zake, na chupa zinagongana. Analeta nyingine niziandikie. Naificha barua hii.

Rita wako